Sinia la Lozi Mji Kasoro Bahari: Vitamu vya Harusi Vilikotoka



Mwezi wa Shaabani nilivuka maji kwenda Morogoro, kwenye harusi ya binti wa kaka yangu. Wenyewe wanauita mji wao "mji kasoro bahari", na kweli ukiutazama unaona kila kitu kipo: milima ya Uluguru imesimama nyuma ya nyumba, mito inashuka, matunda tele sokoni. Bahari tu ndiyo hakuna.

Nilipofika nilikuta nyumba ina shughuli na ina jambo. Bibi harusi wetu alikuwa ameona kwenye simu picha za vitamu vya lozi vya Algeria. Wale makruti weupe kama pamba, waliokatwa mfano wa almasi. Zile dziriyati ndogo kama vikombe, kila moja na ua juu yake. Akasema hivyo ndivyo anavyotaka kwenye sinia lake, si kashata na visheti vya kila siku. Bibi yake mzaa mama, mtu wa Matombo, akamuuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, kashata zimekosa nini?" Wifi yangu hakusema neno. Alikuwa ameshauliza bei ya lozi, na nilijua kimya kile maana yake ni mkopo wa kikoba.

Wakanigeukia mimi. "Shangazi wa Unguja ndiye mjuzi wa mapishi, atuamue."

Nikaomba siku mbili. Nilitaka kwanza nijue tunagombania nini hasa. Je, vitamu vya lozi ni vya watu wengine, sisi tunaiga tu? Au ni vya kwetu na hatukumbuki? Niliyoyapata ndiyo ninayowaletea leo, khasa nyinyi mnaojiandaa na harusi baada ya Ramadhani, inshaallah.

Maneno hayasahau

Anza na maneno yetu wenyewe. Tunasema lozi, na mwanamke wa Algiers anasema louz. Tunasema sukari, naye anasema sukkar. Halua yetu ni halwa yake. Hata lile sinia tunalopanga vitamu juu yake, tukalifunika kitambaa na kulibeba kichwani hadi kwa wakwe, yeye analiita siniya. Yule na sisi tumetengana kwa jangwa zima la Sahara na zaidi, lakini tukisimama jikoni tunaelewana nusu ya mazungumzo.

Maneno hayo tumeyapata sote kwa Waarabu, kila mmoja kwa njia yake. Kwao yalifika kwa nchi kavu na kwa bahari ya kaskazini. Kwetu yalikuja na majahazi ya kusi na kaskazi.

Kutoka Baghdad hadi chini ya milima ya Atlas

Mwaka 1226 mtu mmoja wa Baghdad, Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi, aliandika kitabu cha mapishi. Miongoni mwa vitamu alivyovitaja ni lauzinaji, na ukilisikiliza jina unaisikia lozi ndani yake. Ni lozi zilizosagwa, sukari na maji ya waridi. Wapishi wa Baghdad walikuwa wakikijua kitamu hicho tangu zamani zaidi, kwani kimo pia katika kitabu cha Ibn Sayyar al-Warraq cha karne ya 10.

Maarifa hayo yalisafiri magharibi pamoja na miwa na michungwa, yakafika Andalus, Hispania ya Waislamu. Huko milozi ilistawi vizuri, kwa sababu mlozi unataka baridi ya kutosha wakati wa kipupwe na ukavu wakati wa kiangazi. Katika karne ya 13 alikuwepo Ibn Razin al-Tujibi, mzaliwa wa Murcia. Miji ya Waislamu ilipokuwa inaanguka mmoja baada ya mwingine, alihama. Alipita Sabta, akakaa Bijaya, mji ulio Algeria ya leo, kisha akaishi Tunis. Ugenini huko aliandika kitabu kikubwa cha mapishi ya nchi aliyoipoteza, na vitamu vya sukari na lozi vimo ndani yake. Dada yangu, hebu fikiri. Mtu amepoteza mji wake, na kitu anachokazana kisipotee ni namna kwao walivyokuwa wakipika.

Baada yake walifuata wengi. Granada ilianguka mwaka 1492. Kati ya 1609 na 1614 mfalme wa Hispania aliwafukuza watu wote wa asili ya Kiislamu waliosalia, na maelfu yao walishuka kwenye bandari za Afrika Kaskazini. Mji wa Blida, uliojengwa mwaka 1535 chini ya milima ya Atlas, ulipokea wakimbizi wa Andalus, nao ukawa maarufu kwa michungwa yake. Maua ya michungwa hutolewa maji ya harufu nzuri, na maji hayo ndiyo yanayotiwa kwenye shira ya vitamu vya lozi vya Algeria. Waturuki wa dola ya Othmani, waliokuwepo Algiers tangu karne ya 16 hadi Wafaransa walipoingia mwaka 1830, waliacha nao mkono wao. Baklawa ya harusi za Algeria ni ushahidi.

Kwa hiyo yale makruti meupe unayoyaona kwenye simu hayakushuka kutoka jumba la kifahari. Yamebebwa na wakimbizi. Kila walipofika, wanawake walitazama nchi mpya ina nini, wakatumia kilichopo.

Upande wetu wa bahari

Mwaka 1331 alifika pwani yetu mtu wa Maghribi, Ibn Battuta wa Tanja. Alipita Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Mogadishu aliandikiwa mapokezi na chakula, naye akakikumbuka vizuri: wali uliopikwa kwa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari za ndimu na pilipili, tangawizi mbichi, maembe. Ukiyasoma hayo unaona ni meza ya bibi yako. Pwani hii ilikuwa na utamu wake kabla ya sinia lolote la lozi.

Lozi zenyewe hazioti kwetu. Hatuna kipupwe cha kuutosha mlozi. Tunao mkungu, ule mti wa kivuli ambao watoto wanapasua kokwa lake kwa jiwe wapate kiini kidogo chenye ladha ya kukaribia lozi. Lozi za kweli zilikuja na biashara ya Ghuba na Uajemi, nazo zilikuwa za watu wenye nafasi. Ndiyo maana halua ya lozi ni ya heshima, na halua bila lozi ni ya kila mtu. Waliobaki walitumia nazi. Kisha zikaja njugu, ambazo wenzetu wa bara wanaziita karanga, na korosho. Zote mbili asili yake ni Amerika ya Kusini, zilivushwa bahari baada ya Wareno kuanza safari zao. Leo nani atakwambia kashata ya njugu si ya kwetu?

Mji wa binti Kisabengo

Sasa turudi Morogoro, maana huko ndiko harusi iliko.

Katikati ya karne ya 19, mahali ulipo mji huu palikuwa na ngome ya Kisabengo, mtawala mwenye asili ya Uzigua. Alikuwa mkali, na sifa yake ya kuteka watu ilifika mbali. Alipokufa utawala ulishikwa na binti yake, na mji ukajulikana kwa jina la Simbamwene. Ndiyo, dada zangu, mji huu uliwahi kuwa chini ya mwanamke. Mwaka 1871 Stanley alipita hapo akielekea bara kumtafuta Livingstone. Alikuta kuta za mawe zenye minara kwenye pembe, na milango ya mbao iliyochongwa nakshi nzuri kiasi kwamba akadhani imetengenezwa Unguja au mahali pengine pwani. Mji hauna bahari, lakini bahari ilikuwa imefika mlangoni.

Misafara ya kutoka Bagamoyo ilipita hapo. Ilipandisha nguo na shanga, ikateremsha pembe za ndovu, na pamoja nazo wanadamu waliofungwa. Mwaka 1907 reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro. Tangu hapo mzigo wa bandarini haukuhitaji tena kichwa cha mpagazi.

Juu ya mji, milimani, Waluguru wana utaratibu wao wa zamani: ardhi ya ukoo hupitia kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na shamba hufuata njia hiyo. Kwenye miteremko ya mashariki, pande za Kinole, Tawa, Mkuyuni na Matombo, mvua ni nyingi, na huko leo kunalimwa viungo ambavyo sisi wa visiwani tumezoea kudhani ni vyetu peke yetu: karafuu, mdalasini, iliki, pilipili manga. Machungwa nayo ni mengi. Yule bibi aliyeuliza kashata zimekosa nini ana miti yake ya mdalasini huko, kwenye shamba la mama yake na la mama wa mama yake. Mvua zikinyesha na magome yakilegea, hubanduliwa, hukaushwa, hujikunja yenyewe. Kisha hubebwa kuteremka, aghalabu kichwani kwa mwanamke. Mnunuzi anapanga bei, na ukifika kwenye pakti dukani hapaandikwi jina la aliyeubandua.

Sukari na uchungu wake

Hapa lazima niseme jambo lisilopendeza kwenye habari za harusi.

Sukari ina historia chungu. Karne ya 19, kando ya mto Pangani, palikuwa na mashamba makubwa ya miwa ya Waarabu wa pwani, na kazi ilifanywa na watumwa. Abushiri bin Salim al-Harthi, tunayemsoma skuli kwa sababu ya vita vyake na Wajerumani mwaka 1888 na 1889, alikuwa na shamba la miwa huko. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Kwa upande wa Tanganyika ilikuwa mpaka 1922. Kwa hiyo katika masinia ya zamani tunayoyasifu kulikuwa na jasho la mtu ambaye hakualikwa harusini. Tukumbuke hilo kila tunaposema "zamani harusi zilikuwa harusi".

Leo sukari nyingi ya nchi inatoka mkoa huu huu wa Morogoro. Mtibwa iko Turiani. Kilombero ilianzishwa mwaka 1960 kwenye bonde chini ya milima ya Udzungwa. Hata hivyo, kuwa karibu na kiwanda hakukumwokoa mtu wakati wa dhiki. Wanaokumbuka mwanzo wa miaka ya 1980 watakusimulia foleni za sukari, sabuni na mafuta. Mwaka 1983 serikali iliendesha kampeni ya kuwasaka wahujumu uchumi, Waziri Mkuu Edward Sokoine akiwa mbele. Tarehe 12 Aprili 1984 alifariki kwa ajali ya gari papa hapa Morogoro, eneo la Dakawa, na chuo kikuu cha kilimo cha mjini humo kikapewa jina lake. Wifi yangu alikuwa mtoto wakati huo. Anasema kwenye harusi ya mama yake mdogo sukari ilikusanywa nyumba kwa nyumba, kikombe kimoja kimoja, miezi miwili. Kashata zilitoka nyembamba. Hakuna aliyecheka.

Na si mbali sana: mwanzoni mwa 2024 mvua nyingi zilivuruga uvunaji wa miwa, na bei ya sukari ikapanda Ramadhani ikiwa mlangoni. Sote tunakumbuka.

Walima wa njiani

Usiku wa pili, baada ya Isha, niliwasimulia habari ambayo kila bibi harusi anapaswa kuijua. Mtume, rehema na amani zimfikie, alipomuoa Bibi Safiyya wakati wa kurudi kutoka Khaybar, mwaka wa 7 Hijria, walikuwa safarini. Hapakuwa na mkate wala nyama. Yalitandikwa matandiko ya ngozi, kila mtu akaleta alichokuwa nacho, yakapatikana tende, samli na maziwa makavu. Vikachanganywa pamoja, ikawa haisi. Huo ndio uliokuwa walima.

Ukitafakari, ni kitamu cha harusi kilichopikwa kwa vilivyopo. Mwenye sukari ya kikombe kimoja miaka ya 1980 alikuwa ndani ya njia hiyo. Mkimbizi wa Andalus aliyesaga lozi chini ya milima ya Atlas alikuwa ndani ya njia hiyo. Anayekopa kikoba ili picha ipendeze ndiye aliyetoka nje yake.

Bibi harusi aliinamisha kichwa. Nikamwambia, "Mwanangu, sijakukataza. Kesho tunapika."

Tulivyopika

Kanuni ya wanawake wa Algeria kwa makruti ya lozi ni nyepesi kukumbuka: vipimo 3 vya lozi zilizosagwa kwa kipimo 1 cha sukari. Hupimi kwa mizani, bakuli lako moja linatosha. Ongeza maganda ya limau yaliyokwaruzwa na mayai ya kushikisha, ukitia kidogo kidogo mpaka donge lishikane bila kunata sana.

Tulinunua lozi nusu kilo tu, kwa ajili ya sahani ya wazee na sahani ya wakwe. Tulizimwagia maji ya moto, tukazimenya, tukazianika zikakauka kabisa. Zilizobaki zote tulitumia korosho mbichi. Kama utatumia korosho, sikia ushauri huu: zina mafuta kuliko unavyodhani. Saga kwa vipindi vifupi pamoja na sehemu ya sukari, pumzisha mashine, la sivyo utapata uji badala ya unga. Na mayai punguza.

Mahali pa limau tulikwaruza machungwa ya Matombo. Maji ya maua ya michungwa hatukuyapata, kwa hiyo shira tuliichemsha na gome moja la mdalasini wa bibi na iliki tatu, tukaiacha ipoe, tukamalizia kwa arki ya waridi niliyokuja nayo kutoka Darajani.

Sokota donge mfano wa kamba nene, ligandamize kidogo kwa kiganja, kata kwa mshazari upate umbo la almasi. Kwenye jiko la mkaa weka moto mchache chini na mwingi kiasi juu ya mfuniko, na usiondoke. Robo saa inatosha. Juu yabaki meupe, chini yaanze tu kugeuka rangi. Yakishakuwa kahawia umechelewa. Acha yapoe kabisa, chovya kwenye shira, chuja, kisha viringisha kwenye ile sukari ya unga ya kupambia keki, mara mbili.

Kashata nazo zilipikwa. Bibi alizipika mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumsogelea.

Siku ya harusi sinia liliondoka na safu mbili, makruti upande mmoja na kashata upande mwingine, limefunikwa kitambaa cheupe. Wakwe walipolifunua, mama mkwe aliuliza makruti yametoka wapi. Bibi harusi wetu akajibu, "Algeria, kwa njia ya Matombo." Wanawake wakapiga vigelegele. Wifi yangu alinitazama, na nikajua kikoba hakikuguswa.

Asubuhi yake, bibi alipokuwa anajiandaa kupanda gari la kurudi mlimani, nilimwona anafunga makruti manne kwenye karatasi. Nilidhani ni ya njiani. Akaniambia, "Haya ni ya jirani yangu. Yeye ndiye aliyenibandulia ule mdalasini, mikono yangu siku hizi haina nguvu. Naye aonje."

Basi, dada yangu unayejiandaa, ukipanga sinia lako tenga sahani ya mtu wa namna hiyo. Lozi zikiwepo, alhamdulillah. Zisipokuwepo, tazama nchi uliyopo ina nini.

Allah azibariki ndoa zetu, azijaze mapenzi na huruma, na atuepushe na israfu na deni lisilo na haja. Amin.